Kubadilisha feni ya kompyuta kwa feni yenye taa: soma plagi kabla hujashika bisibisi

Feni ya kompyuta ya mezani inashikwa na skrubu nne, na kuitoa na kufunga nyingine ni kazi ya nusu saa hata kwa anayeanza. Wanaoharibu vifaa katika kazi hii karibu wote huharibia sehemu moja: pale wanapochomeka waya wa taa. Kwa hiyo tutakaa zaidi kwenye waya na plagi, skrubu tutazipitia haraka.

Kwanza jua unabadilisha feni ipi. Ndani ya kasha huwa kuna ya prosesa, ya nyuma ya kasha, pengine ya mbele, na moja iliyofichwa ndani ya pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme kwa kompyuta nzima. Hiyo ya pawa saplai iache kabisa. Kapasita zake, vile vipande vinavyohifadhi umeme, hubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na taa si sababu ya mtu kupigwa shoti. Ya prosesa nayo, kama imeshikana na kipozeo chake, kuitoa kunakulazimu kufuta pesti ya zamani, ile inayopitisha joto kati ya prosesa na kipozeo, na kupaka mpya. Kama nia yako ni mwanga tu, badilisha ya nyuma au ya mbele.

Sasa pima. Weka rula kwenye fremu ya feni, ukingo hadi ukingo, usipime mapanga. Utapata milimita 80, 92, 120 au 140. Kama fremu haifikiki vizuri, pima kati ya matundu mawili ya skrubu: 71.5 ni feni ya 80, 82.5 ni ya 92, 105 ni ya 120, na 124.5 ni ya 140. Unene wa kawaida ni milimita 25, ila kwenye makasha membamba kuna feni nyembamba za 15, nazo usizisahau. Ukifika dukani ukasema tu "nataka feni ya kompyuta yenye taa", utaletewa ya 120 kwa sababu ndiyo inayotoka zaidi. Mashine nyingi za ofisini zilizotumika, hizi zinazoingia kutoka Ulaya, zina nafasi ya 80 au 92 nyuma. Taja milimita.

Na uangalie ubavu wa kasha. Kama ni bati zima, feni ya nyuma itamulika ndani ambako hakuna anayeona. Hapo afadhali mwanga uwekwe mbele, kama mbele kuna wavu.

Tuje kwenye plagi. Feni ya taa huwa na mambo mawili yanayotaka umeme, mota na taa, na mara nyingi kila kimoja kina waya wake.

Upande wa mota, plagi yenye matundu matatu hubeba hasi, volti 12, na waya wa kuripoti mwendo. Yenye manne inaongeza waya wa kuamuru mwendo, unaoitwa PWM. Plagi ya matatu inaingia vizuri kwenye pini nne za mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), kwa kuwa kuna ulimi wa plastiki unaoielekeza. Lakini feni hiyo itapunguza kasi tu kama BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) imewekwa DC, yaani ipunguze volti. Ikiachwa kwenye PWM, itazunguka kwa kasi yote saa zote na utadhani umeuziwa feni ya kelele. Aina nyingine ni ile plagi kubwa nyeupe ya Molex inayochukua umeme moja kwa moja kutoka pawa saplai: nayo ni kasi yote, na mazabodi haiioni kabisa.

Kwa mashine za ofisini kuna mtego wake. Dell nyingi za Optiplex zina plagi ya feni ya matundu matano, na mpangilio wa nyaya si ule wa kawaida. Usiilazimishe, wala usikate waya kwa kukisia rangi. Tafuta waya wa kubadilishia plagi uliotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo. Ukiiondoa feni ya zamani na kuacha pini tupu, mashine ikiwaka itasimama ikilalamika kuhusu feni na kukutaka ubonyeze F1, kila siku. Kama huo waya haupatikani, acha feni ya zamani ilipo na uongeze ya taa mbele kwa Molex.

Upande wa taa ndiko kwenye hatari. Taa za rangi moja hazina shida: hula umeme ule ule wa mota. Ndiyo maana feni ya rangi moja ya plagi ya matatu hufifia kompyuta ikipoa, maana mazabodi imeshusha volti ili kupunguza kasi. Haijaharibika. Taa za RGB za kawaida zinatumia volti 12 na plagi ya matundu manne, na zote hubadilika rangi kwa pamoja. Taa za ARGB, zile ambazo kila kijitaa kina rangi yake na mwanga unakimbia kama upinde wa mvua, zinatumia volti 5, na plagi yake ina nafasi nne ila ya tatu ni tupu.

Volti 12 ikiingia kwenye taa za volti 5, taa zinakufa papo hapo. Hazitoi onyo wala hazirudi. Plagi nzuri ina nafasi ile ya tatu iliyozibwa ili isiingie pasipo pake, lakini nyingine hazijazibwa, na zinaingia kwa ulaini ule ule. Kwa hiyo usiamini kwamba kwa kuwa imeingia basi ni penyewe. Soma maandishi madogo kwenye mazabodi, tumia tochi ya simu. Kwenye mazabodi za MSI, JRGB ni volti 12 na JRAINBOW ni volti 5. Kwenye Gigabyte, LED_C ni 12 na D_LED ni 5. Kwenye ASUS, jina lenye ADD, kama ADD_GEN2, ni la volti 5. Kisha tafuta alama ya mshale kwenye plagi: inaonyesha waya wa umeme, nayo lazima iangaliane na pini iliyoandikwa volti.

Kama mazabodi yako haina pini za taa, na nyingi za zamani hazina, nunua feni zinazokuja na kiboksi chao cha kudhibiti taa, kinachopata umeme kwa plagi ya SATA, ile bapa inayopeleka umeme kwenye diski. Usinunue ARGB ukitegemea "fundi ataunganisha". Ataunganisha wapi?

Kabla ya kugawanya pini moja kwa feni kadhaa, soma ampea kwenye stika ya feni. Pini ya feni ya kawaida inabeba ampea 1. Feni tatu za ampea 0.3 ni 0.9, umeshafika ukingoni.

Kufungua sasa. Zima kompyuta, zima swichi ya nyuma, chomoa waya, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kisicho na rangi kabla ya kugusa kitu ndani. Piga picha ya nyaya zilivyo. Kama unapuliza vumbi kwa bloa, shika mapanga yasizunguke: feni inayozungushwa na upepo huwa jenereta, inarudisha umeme kwenye mazabodi, na beringi yake inaumia kwa kasi ambayo haikuundiwa.

Mwelekeo wa hewa unakosewa na wengi, na kosa lenyewe linaeleweka. Hewa inatokea upande wenye stika na mikono ya plastiki inayoshikilia mota. Uso mzuri wa feni, ule wa mwanga, ndio unaovuta hewa. Mbele ya kasha hakuna ugomvi: uso mzuri unatazama nje na feni inaingiza hewa. Nyuma, uso mzuri lazima utazame ndani, stika nje. Anayeigeuza ili taa ionekane kwa nyuma anairudisha hewa ya moto kwenye prosesa, na mashine iliyokuwa inapumua vizuri inaanza kupata homa. Ukiwa na shaka, washa na usogeze kipande cha tishu: kinapovutwa ndiko hewa inakoingilia.

Skrubu za feni ni nene na fupi, na zinachonga njia zenyewe kwenye plastiki mpya, kwa hiyo zamu ya kwanza inataka nguvu. Tumia bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa. Ingiza zote nne nusu, kisha kaza kwa msalaba, kona na kona inayoitazama. Ikishikwa, acha. Ukikaza kupita kiasi fremu inajipinda na panga linaanza kugonga.

Washa kasha likiwa wazi. Ukisikia tik-tik-tik ya haraka, zima kwanza: karibu kila mara ni waya unaoguswa na mapanga. Taa inawaka lakini feni haizunguki? Waya wa mota haujakaa, au kasi ya chini kwenye BIOS imewekwa chini mno, feni inapata volti isiyotosha kuanza. Inazunguka bila mwanga? Angalia ule mshale wa plagi ya taa, na kama ni ARGB, angalia kama programu ya mazabodi imezima taa. Programu ya taa ya OpenRGB ni ya bure na inatambua mazabodi nyingi.

Pima joto la prosesa kabla na baada ya kubadilisha, kwa kazi ile ile, tuseme dakika kumi na tano za gemu moja. Programu ya HWiNFO inatosha. Joto likipanda baada ya kufunga feni mpya, rudi kwenye mwelekeo wa hewa kabla ya kulaumu kitu kingine. Na ile feni ya zamani, hasa yenye matundu matano, ifunge kwenye mfuko pamoja na skrubu zake, uandike modeli ya kompyuta juu yake.