Jibu kwa mdau wa Newala: hiyo orodha ya kontena usiitume

Mkuu, nilikuwa nasoma uzi wako vizuri tu mpaka nilipofika pale ulipoandika "tumeshaandaa orodha ya vitu vya kujaza kontena". Salamu nitakupa siku nyingine. Hiyo orodha usiitume.

Kwa wadau ambao hawajasoma mada yenyewe: jamaa ni katibu wa kamati ya zahanati ya kanisa huko Newala. Familia ya daktari mmisionari inakwenda likizo kwao Uingereza, itazungukia makanisa yanayowasaidia, na imewauliza wenyeji wanahitaji nini. Mleta mada anauliza mambo manne: zawadi ya kuwaagia, barua ya kuomba msaada iandikweje, kwenye kontena waombe nini, na nani abaki na nyumba na mbwa wao.

Nami nilikuwa katibu kama wewe, wilaya ya Masasi. Familia yetu ya kimisionari walikuwa watu safi, yule mama anaongea Kimakua kuliko wanangu. Walipokwenda likizo kwao hawakupumzika hata kidogo. Watu hudhani likizo ya mmisionari ni kulala, kumbe kila Jumapili yuko kanisa jingine anaonyesha picha na kueleza kazi. Sasa akishasimama pale akasema "zahanati yetu haina hata kitanda", wale wazee hawaendi benki, wanakwenda stoo. Na stoo za wenzetu zina vitu! Bibi akifariki, vyumba vitano vinatakiwa viwe vitupu kabla nyumba haijauzwa, halafu hapo anatokea mmisionari na kontena lake. Ni baraka pande zote mbili, isipokuwa upande wetu.

Huku tukashangilia. Huku kwetu tumewazoea wamisionari tangu Askofu Steere alipofika Masasi mwaka 1876 na wale watumwa walioachiwa huru, kwa hiyo chochote kinachotoka kwao kwa meli tunakipokea kwa vigelegele bila kuuliza. Mzee mmoja wa kamati akasema ana kijana wake Dar, wakala wa forodha, mzoefu. Huyo kijana, Mungu amsamehe kwa sababu mimi bado, alitujibu kwenye simu kwa sauti ya kujiamini kabisa: "Hiyo misaada ya dini, mzee, kodi haigusi. Leteni barua ya Padre tu."

Barua ya Padre! Tuliiandika, tukaigonga mhuri mara mbili ili iwe na nguvu.

Kilichotokea ni hiki, na naomba ukisome polepole. Msamaha wa kodi upo kweli, ila hauji kwa sababu mzigo ni wa kanisa. Anauomba mwenye mzigo, anauomba mapema, na jina lake lazima lilingane na lililoandikwa kwenye hati ya meli. Sisi kwenye hati tuliandikwa jina la parokia. Parokia haina usajili wake, mkuu. Kinachotambulika kisheria ni Bodi ya Wadhamini ya dayosisi iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini. Kwa hiyo kontena likafika Dar likiwa halina mwenyewe. Kurekebisha jina ni barua kwenda kwa wenye meli, barua kurudi, barua TRA, na wakala anakwambia "nipo kwenye foleni" huku nyuma nasikia muziki.

Wakati huo pesa inahesabiwa mara mbili. Bandari inatoza kuhifadhi mzigo siku za bure zikiisha, na mwenye meli anatoza demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena lake ambalo hujamrudishia. Ni kama umepanda bodaboda mbili kwa safari moja na zote zimesimama, tena sisi walitudai dola. Juu ya hapo sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inataka mzigo uwe umefanyiwa tamko ndani ya siku 21, ukizubaa unaanza safari ya kuelekea mnadani. Na kodi? Usidanganyike kwamba kitu ulichopewa bure thamani yake ni sifuri. Wanakadiria thamani, wanaongeza nauli ya meli na bima, wanapiga ushuru, halafu VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo yenye ushuru ndani yake. Nguo za mitumba zina ushuru wake mkali peke yake.

Tulilipa. Unajua tulilipa na nini? Pesa ya mabati. Waumini walikuwa wamechanga baada ya malipo ya korosho, mama wajane wameleta elfu mbili mbili, na kuta za wodi zilikuwa zimeshafika kwenye lenta. Mimi ndiye niliyesaini hundi. Mvua za Desemba zikakuta matofali yako wazi, ukuta wa upande wa jikoni ukalala chini. Halafu ndipo lori likaingia uwanjani na kontena letu.

Tulifungua mbele ya watu wote, kwaya iko tayari. Boksi la kwanza: makoti ya baridi. La pili: makoti ya baridi. La tatu lilikuwa na mafumbo ya picha ya kupanga, vipande elfu moja, na mtu mwaminifu wa huko alikuwa ameandika kwa kalamu juu ya kifuniko kwamba kimoja kimepotea. Mzee wa kamati alivaa koti moja mpaka mwisho wa shughuli ili wageni wasijisikie vibaya, jasho linamtoka kama yuko tanuruni. Siwezi kusema vyote vilikuwa takataka. Magongo ya kutembelea tunayatumia hadi leo, na vitanda viwili vilikuwa vizuri mno. Vitanda viwili! Kwa pesa ile tuliyolipa, Masasi mjini mafundi wa kuchomelea wangekutengenezea vitanda vya wodi nzima, na bado ukabaki na chenji ya magodoro.

Dawa ndiyo usiguse kabisa. Kuna mtu alisafisha kabati lake akatutumia vidonge vilivyoisha muda. Dawa haiingii nchini bila kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na iliyoisha muda huwezi kuitupa shimoni tu, inateketezwa kwa utaratibu wao na gharama ni yako. Nguo za ndani zilizovaliwa nazo TBS, shirika la viwango, walishazipiga marufuku. Nasema kwa sababu zilikuwemo, na mimi ndiye niliyeitwa kueleza.

Wewe mwambie daktari neno moja tu: pesa. Mwambie bila aibu, yeye mwenyewe atashukuru maana atapumzika kubeba maboksi. Tena kwa Uingereza pesa ina faida ambayo koti halina. Mlipa kodi wa kule akitoa pauni 100 kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa na akajaza tamko la Gift Aid, mpango wa kule wa kurudisha kodi kwenye sadaka, taasisi inadai pauni 25 nyingine kutoka serikali yao. Mia inakuwa mia na ishirini na tano kabla haijavuka bahari. Lakini lazima ipitie kwenye taasisi. Akikutumia wewe kwenye simu yako, ile 25 imekufa, na maneno ya kijijini yataanza siku hiyo hiyo. Ipitie shirika lao la misheni, iandikwe jina la kazi yenu, iingie akaunti ya dayosisi, ndipo ije kwenu.

Kwa hiyo chukua profoma, ile karatasi ya bei kabla ya kununua, duka la vifaa hapo Newala: mabati, misumari, mbao, simtanki la maji maana najua shida ya maji ya huko juu mlimani. Piga picha jengo lilivyo leo. Mpe daktari aondoke nazo mkononi. Karatasi moja inatosha, hawana muda wa kusoma mbili.

Zawadi ya kuwaagia, korosho zilizobanguliwa, nani atakataa. Mengine wadau watakusaidia.

Na kama mzee yeyote wa kamati yenu ameshaanza kusema ana kijana wake Dar anayejua mambo ya bandari, njoo pembeni uniambie jina kabla hamjampigia. Nina wasiwasi ni yule yule.