Namba ya TSC kwa shule za binafsi

Je, shule ya binafsi yaweza kumwajiri mwalimu asiye na namba ya usajili ya TSC, yaani Tume ya Kuajiri Walimu ya Kenya? La, hata shule ya binafsi haiwezi kumweka darasani mtu asiyesajiliwa na TSC, ati kwa sababu "hesabu anaijua". Kifungu cha 23 cha Sheria ya TSC ya 2012 hakibagui mwalimu wa serikali na wa binafsi. Mimi ndiye nishikaye mafaili ya walimu kwenye shule moja huku Kisauni, Mombasa. Kabla ya mahojiano naitisha namba ya TSC na kitambulisho, kisha naihakikisha kwa TSC wenyewe. Cheti cha mkononi pekee usikiamini, vya kughushi siku hizi vina mihuri inayong'aa kuliko vya kweli. Mwanafunzi wa chuo aliyekuja mazoezi ya kufundisha ni habari nyingine, ila naye asiachiwe darasa peke yake muhula mzima.