Wakala akikataa mswada wako, tazama amekataa nini

Kukataliwa na wakala, yaani mtu anayemtafutia mwandishi mchapishaji, kunauma, na sitamwambia mwandishi yeyote asiumie. Siku jibu la namna hiyo likifika, mimi hufunga kompyuta nikafanya kazi nyingine. Simjibu wakala, wala simbembelezi anieleze sababu. Nikishatulia ndipo ninapojiuliza: amekataa baada ya kusoma nini?

Ikiwa uliowatumia barua na muhtasari hawakuomba kurasa zaidi, hata mmoja, basi mswada wako haujasomwa bado. Kilichokataliwa ni barua. Iandike upya: mhusika ni nani, anataka nini, nini kinamzuia, kitabu ni cha aina gani na kina maneno mangapi. Wakiomba sura za kwanza kisha wakakataa, kagua mwanzo. Mara nyingi hadithi huanzia sura ya pili, na ile ya kwanza ni maelezo aliyoyahitaji mwandishi, si msomaji. Aliyesoma mswada mzima akakueleza kwa nini hautaki amekupa saa zake nyingi bila malipo; maneno yake yatunze. Wawili wasiojuana wakitaja kasoro ileile, irekebishe. Akiitaja mmoja tu, ipime mwenyewe.

Ndiyo maana situmi kwa mawakala wote kwa mkupuo. Natuma kwa wachache, nasubiri, narekebisha, kisha natuma kwa wengine, kwa kuwa aliyekwisha kukataa ni nadra kuupokea tena mswada uleule. Mwandishi Mmarekani Kathryn Stockett, ambaye riwaya yake The Help ilitoka mwaka 2009, ameeleza kwamba alikataliwa mara 60 kabla ya kumpata wakala, na muda huo wote alikuwa akiendelea kuinoa kazi yake. Huko kunoa ndiko kunakonitia moyo kuliko hesabu yenyewe.

Kumbuka pia wakala analipwaje. Hupata kamisheni, kwa kawaida asilimia 15 ya mapato ya mwandishi, na asipokiuza kitabu kwa mchapishaji hapati kitu. Anaweza kuupenda mswada na bado akaukataa kwa sababu hamjui mhariri atakayeutaka, au tayari ana mwandishi mwenye kitabu kinachofanana nao.

Anayekutoza ada ili asome mswada mkimbie, hata kama ndiye wa kwanza kukusifu. Nasisitiza hili kwa sababu matapeli huwawinda waandishi waliokwisha kuchoka kukataliwa.

Wapo pia wasiojibu kabisa. Soma masharti yao kabla ya kutuma, andika tarehe kwenye daftari, na muda walioutaja ukipita, ingiza jina jingine kwenye orodha.