Jibu: Kipima muda chenye kengele nne, kina faida gani kuliko simu?
Dada, ulivyouliza kama kina maana wakati simu ipo: nunua, hutajuta. Mikono ikiwa na unga wa chapati, simu huishiki, lakini kitufe unakibonyeza hata kwa kiwiko. Kila kengele ina namba yake na muda wake: kwangu namba 1 ni maharage kwenye sufuria ya presha, dakika 25 tangu ianze kupiga mluzi. Namba 2 wali ukishapaliwa mkaa juu, dakika 15. Namba 3 mayai, dakika 10. Kikilia, namba husika inawakawaka, unajua moja kwa moja sufuria ipi inakuita. Namba 4 ni ya dawa ya mama, kila baada ya saa 8. Ila angalia kabla hujalipa: vingine huishia dakika 99, hivyo kwa dawa havifai kabisa. Tafuta kinachofika saa 24, chenye sumaku ya kubandika kwenye friji.