Uliza Ujibiwe: Kwa nini mpishi haitwi "cooker"?

SWALI: Mhariri, salaam. Nimehitimu mafunzo ya upishi na sasa ninaomba kazi hotelini. Katika barua yangu niliandika "I am a good cooker", dada yangu akacheka sana na kusema kwamba nimejiita jiko. Ikiwa anayefundisha ni "teacher" na anayeendesha gari ni "driver", kwa nini anayepika asiwe "cooker"? Je, nikijiita "chef" nitakuwa nimekosea? – Msomaji, Dodoma.

JIBU: Dada yako amesema kweli, ingawa kicheko kingeweza kusubiri. Kwa Kiingereza mpishi ni "cook", awe mwanamke au mwanamume, wa hotelini au wa nyumbani, na "cooker" ni jiko, hasa lile la gesi au la umeme lenye oveni yake chini.

Kosa lako lina mantiki, kwa sababu kiambishi "-er" kwa kawaida huongezwa kwenye kitenzi ili kupata jina la mtenda. Neno "cook", hata hivyo, halikupitia njia hiyo. Jina la mpishi ndilo lililotangulia: Waingereza walilipata kutoka Kilatini, "coquus", zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na kitenzi cha kupika kikaja kuundwa kutokana na jina hilo mnamo karne ya 14. Kwa kuwa mtu alikwisha kuwa na jina lake, "cooker" lilibaki bila mwenyewe hadi karne ya 19, majiko ya chuma na baadaye ya gesi yalipoenea katika nyumba za Uingereza, ndipo kifaa kikalichukua. Wamarekani jiko huliita "stove" au "range", lakini hata wao husema "rice cooker" na "pressure cooker", na hakuna kati ya hivyo kilicho mtu.

Kiambishi hiki, kwa kweli, kina kazi nyingi kuliko tulivyofundishwa darasani. Tazama banda la kuku. "Layer", ambaye wafugaji wetu humwita leya, ni kuku anayetaga, kwa hiyo ni mtenda halisi. "Broiler", yaani broila, ni kuku aliyefugwa ili abanikwe, na maskini hatendi lolote bali hutendwa. Uingereza matufaha nayo hugawanywa vivyo hivyo: yale makali ya kupikwa, kama aina ya Bramley, huitwa "cookers", na matamu yanayoliwa mabichi huitwa "eaters". Ukimsikia muuza matunda wa huko akisifu "eaters" zake, usidhani anawasifu walaji.

Sisi hatuna mazoea ya kutilia shaka jambo hili kwa sababu Kiswahili humtambulisha mtu mapema, tangu mwanzo wa neno: kupika hutoa mpishi, kuandika hutoa mwandishi, kuiba hutoa mwizi, na jiko haliwezi kamwe kuingia katika safu hiyo. Kiingereza hakina ulinzi huo, kwa hiyo kila jina hulazimika kujifunzwa peke yake. Anayeiba ni "thief", anayesoma chuoni ni "student", na anayewaongoza watalii mbugani ni "guide". Ile "guider" inayosikika mara kwa mara katika miji yetu ya utalii ni ndugu wa "cooker" yako.

Kuhusu "chef", neno hilo limetoka Kifaransa, ambako "chef de cuisine" ni mkuu wa jiko, na bado limebeba harufu ya cheo. Mama anayepika vizuri nyumbani ni "a good cook". Kumwita "chef" ni utani wa mapenzi. Katika hoteli kubwa, hata hivyo, neno hilo limeshuka hadi ngazi ya chini, kwani anayeanza kazi huitwa "commis chef" na aliye juu ya wote ni "executive chef". Mhitimu anayejiita "chef" bila nyongeza yoyote huonekana kana kwamba anaomba nafasi ya bosi wake. Lisome tangazo la kazi na utumie cheo kilichotajwa humo. Ikiwa halikutaja cheo chochote, andika "I am a trained cook", kisha utaje vyakula unavyovimudu, kwani neno "good" ni la kusemwa na atakayeonja.