Utando Ukibambuka, Anza na Maji

Seli ya kwanza ya hidrojeni, yaani kifaa cha kuzalisha umeme kwa hidrojeni na oksijeni, niliyoiunganisha mwenyewe ilikufa siku ya tatu. Nilipoifungua, elektrodi ilining'inia kwenye kibano na utando ukabaki peke yake kwenye fremu, safi kama yai lililomenywa. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, Ujerumani, na kwa miezi minne nilikuwa nimejivunia utando ule. Kwenye mashine ya kuvuta ulistahimili kuliko wenzake wote. Nguvu ulikuwa nayo, lakini haukushikamana na kitu, na ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba mambo hayo mawili yana mzizi mmoja.

Nawaandikia wadogo zangu mnaoanza kazi za seli za hidrojeni, au mitambo ya kupasua maji kwa umeme, mkiwa na utando wa polima mezani. Kazi ya utando huo ni kupitisha protoni huku ukizitenga hidrojeni na oksijeni. Unaofahamika zaidi ni Nafion, uliozaliwa DuPont miaka ya 1960. Ule wa namba 212 una unene wa takriban mikromita 50 tu. Protoni hupita vizuri utando ukiwa umelowa, na hapo ndipo shida inapoingia, kwa sababu ukilowa unavimba, na ukivimba unalegea.

Chukua Nafion 117, aina nyingine ya utando huohuo. Ukiutoa kwenye hewa ya unyevu wa nusu na kuuzamisha kwenye maji ya kawaida, hurefuka kwa karibu asilimia 10. Kwenye maji yanayochemka hufika 15. Ukakamavu wake, ambao ni karibu megapaskali 249 kwenye hewa hiyo, hushuka hadi 114 ukilowa, na hadi 64 kwenye maji ya moto. Kwa hiyo ukipima nguvu ya utando ukiwa mkavu, unapima kitu ambacho seli yako haitakiona. Pima ukiwa umelowa, kwenye joto la kazi. Mimi sikufanya hivyo.

Aliyewahi kuona ngozi ya ngoma anajua kinachofuata. Ikipata unyevu hulegea, ikikaukia karibu na moto hujivuta hadi ikaze. Utando uliobanwa kingo zote ndani ya seli hupitia hayo kila mashine inapowashwa na kuzimwa, na mara nyingi mpasuko huanzia pale gasketi inapoishia. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni ile ya fundi wa zege, yaani kuweka nondo. Ndani ya utando huingizwa wavu mwembamba wa PTFE (plastiki ya Tefloni) iliyovutwa ikawa na vitundu, kisha polima inayopitisha protoni hujazwa humo. Wavu haupitishi protoni, hivyo upitishaji unapungua kidogo, lakini utando hauwezi tena kutanuka ovyo kwa upana, na unaweza kuutengeneza mwembamba zaidi bila hofu.

Sasa ushikamano. Utando wangu, ule uliobambuka, ulikuwa wa PEEK (plastiki ngumu inayostahimili joto) iliyotiwa vikundi vya asidi kwa asidi ya salfuriki iliyokolea, na elektrodi zangu zilishikizwa kwa Nafion kwa sababu ndiyo iliyokuwa kabatini. Polima hizo mbili hazivimbi sawasawa. Kila zikilowa na kukauka, moja ilimvuta mwenzake, hadi mpaka kati yao ukaachia. Nilikuwa nimezidisha asidi nikitafuta upitishaji, na PEEK yenye asidi nyingi mno huvimba vibaya sana kwenye maji ya moto. Nilipopunguza saa za kukaa kwenye asidi, na kuyeyusha polima hiyohiyo ya utando niitumie kushikiza punje za kaboni na platini, kubambuka kulikoma. Ingekuwa juu yangu, kila mwanafunzi angefundishwa hili kabla ya kugusa mashine ya kukandamiza elektrodi kwenye utando kwa joto: linganisha uvimbaji wa pande mbili kwanza, joto na shinikizo baadaye.

Joto nalo lina nafasi yake. Nafion ya hali ya asidi nimekuwa nikiikandamiza kwenye nyuzi 125 hadi 135 kwa dakika tatu hivi, kwa sababu karibu na hapo hulainika na kukubali kuingia kwenye vitundu vya elektrodi. Ukizidisha, utando hukauka na kuwa kahawia. Wanaohitaji joto kali zaidi huubadilisha kwanza uwe wa sodiamu, kisha huurudishia asidi kwa kuuchemsha kwenye asidi ya salfuriki. Siku hizi mimi napulizia wino wa kichocheo, yaani wenye punje zile za kaboni na platini, moja kwa moja juu ya utando uliotandazwa kwenye sahani ya moto, na naona unashika vizuri kuliko kukandamiza karatasi ya kaboni.

Tahadhari moja iliyoniumiza: Nafion husafishwa kwa kuchemshwa kwenye peroksaidi ya hidrojeni ya asilimia 3. Usifanye hivyo kwa utando wa PEEK, peroksaidi itakata minyororo ya polima yake. Na vibano vya chuma chenye kutu vitupeni. Chembe za ayoni ya chuma zikikutana na peroksaidi inayojitengeneza ndani ya seli huzaa radikali, yaani chembe kali za kikemia, zinazokatakata polima, na utando uliokuwa imara hukonda bila kelele.

Huna haja ya kusubiri ibambuke ndipo ujue. Pima ukinzani wa seli kwa masafa ya juu, ya kilohezi, siku ya kwanza na kila siku baadaye, ukihakikisha unyevu na joto havikubadilika. Ukijua unene wa utando na upitishaji wake, unaweza kukokotoa ukinzani unaotarajiwa. Ukinzani ukipanda siku hadi siku ilhali utando wenyewe ukipimwa pembeni uko vilevile, shaka ya kwanza iwe ule mpaka kati ya utando na elektrodi.

Mkiniandikia kuuliza, nitumieni kwanza vipimo viwili: urefu wa kipande cha utando kikiwa kikavu na kikiwa kimelowa kwenye nyuzi 80, na vivyo hivyo kwa filamu ya polima mliyoweka kwenye elektrodi. Kaliperi na sufuria ya maji safi vinatosha.