Jibu: SACD inalia kwenye deki ya DVD, lakini sauti ni ya CD

Habari mkuu. Umesema SACD yako (Super Audio CD, diski ya sauti bora kuliko CD) inalia kwenye deki ya DVD ila sauti ni ileile ya CD. Kwanza angalia usoni mwa deki kama kuna nembo ya SACD. Haipo? Basi inasoma tabaka la CD tu, lile lililowekwa kwenye diski za mseto (zenye tabaka la SACD na la CD) ili zicheze popote. Sony na Philips walitoa SACD 1999, mpinzani wake DVD-Audio ikaja 2000, na deki nyingi hazikushika upande wowote. Sisi wanunuzi ndio tukaumia!

Nembo ikiwepo, ingia kwenye menyu uchague SACD badala ya CD. Yangu ilikuwa imekwama hapo. Waya wa optiko achana nao, haupitishi sauti ya SACD; tumia RCA za analogi (zile waya za pini nyekundu na nyeupe). Modeli hukutaja, kwa hiyo kama HDMI yake inapitisha SACD siwezi kukuhakikishia.